Jarari Kwenye Mkuku

Mara ya kwanza niliposimama kwenye mashindano ya mashairi niliangushwa na kamba. Nilikuwa nimetunga beti sita za kusifu jahazi, na ubeti wa nne ukanidai kina cha -ku. Nikaifunga jarari kwenye mkuku. Jarari ni kamba ya kupandishia foromali na tanga lake. Mkuku ni uti wa chombo, uko chini kabisa majini. Vijana wenzangu walipiga makofi. Mzee mmoja, fundi wa tezo na keekee tangu utotoni, akauliza kutoka nyuma: "Mwanangu, hicho chombo chako kimepinduka?" Baraza zima likacheka.

Mimi mtu wa Matondoni, Lamu. Kwetu wanaume huunda majahazi, wanawake husuka mikeka, na mtoto hujua harufu ya mafuta ya sifa kabla hajajua alifu. Baba yangu alikuwa fundi, kwa hiyo aibu ile ilikuwa yake pia. Tena kijijini humo ndimo alimozaliwa Ahmed Sheikh Nabhany mwaka 1927, mtunzi wa *Sambo ya Kiwandeo*. Sambo ni chombo katika lugha ya washairi wa kale, Kiwandeo ni jina la zamani la Lamu. Utungo huo ulichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979. Miaka sita baadaye ukatoka *Umbuji wa Mnazi*, ambamo mti mmoja unaujaza utenzi mzima. Kwa Nabhany ushairi ulikuwa ghala: neno la fundi likiwekwa kwenye ubeti halipotei hata fundi akifa. Mimi nililitoa ghalani nikalivunja, kisa vina.

Asubuhi yake baba alinipeleka chini ya jahazi lililokuwa likitengenezwa. Hakunigombeza. Aliushika mkono wangu akauweka kwenye mkuku, kisha kwenye mataruma, mbavu za chombo, moja baada ya jingine, kisha nyuma, tezini, kwenye fashini. Kila nilipotaja jina aliitikia kwa kichwa. Akamaliza kwa kunipa pamba na patasi ya kalafati; nikaziba nyufa za mbao mpaka adhuhuri.

Kushindana kwa mashairi kwetu hakukuanza na tamasha wala kipaza sauti. Mwanzoni mwa karne ya 19 Zahidi Mngumi wa Lamu alijibizana na Muyaka bin Haji wa Mombasa, mashairi yakienda na kurudi kati ya miji miwili. Hayakuwa ya kupimana sauti. Wamazrui wa Mombasa walikuwa wameshikana na Pate, wanaitaka Lamu, na karibu mwaka 1812 mambo yakaishia kwenye mchanga wa Shela, ambako watu wa Lamu walishinda vita. Majaji hawakuwapo. Aliyeshindwa kujibu ndiye aliyeshindwa, na fumbo lililochelewa kufumbuliwa liliweza kugharimu mji. Hata miaka ya 1970 siasa za uchaguzi zilipopamba moto Lamu, watu walipigana kwa tungo zilizorekodiwa kwenye kaseti, na jibu lilitoka siku chache baadaye. Majaji wa siku hizi, wenye karatasi na alama zao, mimi bado sijawazoea.

Nabhany alifariki mwaka 2017. Baada ya hapo tulikaa usiku mmoja kumkumbuka kwa mashindano madogo, mkeka na kahawa, na mimi sasa ndiye mzee wa nyuma. Akasimama kijana, akasifu boti ya faiba isiyo na tanga wala mlingoti, yenye mashine. Nikafungua mdomo nimuulize imekuwaje. Nikakumbuka kuwa Nabhany huyohuyo ndiye anayetajwa kutupa *runinga* na *tarakilishi*, wala hakuogopa kitu kipya alimradi kipate jina. Nikanyamaza, nikasubiri nione mashine ataifunga wapi.

Aliifunga tezini. Nikapiga makofi.