Flashi, Blender na sisi wa Kibondo

Leo tupige historia kidogo.

Mwaka 2002 kampuni ya NaN kule Uholanzi ilifungwa, na programu yake ya kuchora 3D, Blender, ikabaki mikononi mwa wawekezaji. Mwanzilishi wake Ton Roosendaal akatembeza bakuli kwenye intaneti. Ndani ya wiki saba zikapatikana euro 100,000, na Oktoba 13, 2002 Blender ikaachiwa huru. Tangu hapo kuinakili na kumpa mwenzio ni ruksa. Na msanii wa gemu akiandika skripti ya Python, mfano ya kubadili majina ya vipande mia kwa mpigo, wenzake nao wanaitumia.

Lakini kwetu Kibondo na Kasulu? Miaka mingi tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea majenereta ya dizeli. Cha bure bila umeme kina faida gani?

Jibu lipo Uganda. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini, mama yake alidunduliza miaka mitatu kumnunulia laptop ya dola 300. Kwenda kuichaji ni mwendo wa masaa matatu kwa miguu. Masomo aliletewa na rafiki kwenye flashi. Akatengeneza Salaam, gemu la amani, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye The Game Awards.

Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996. Watoto wangapi wamekulia pale na kichwa kama cha Lual, ila flashi haikuwafikia?

Basi ukienda likizo, usijaze bongofleva tu. Weka na Blender, skripti na masomo. Tuonane wiki ijayo.