Neno la Onesimus

Mara nyingi twadhani kwamba ukweli ukielezwa vizuri hupokelewa. Historia ya mji wa Boston, Marekani, yatufundisha vingine.

Mwaka 1706 mhubiri Mprotestanti, Cotton Mather, alipewa mtumwa kutoka Afrika. Alimwita Onesimus, jina la yule mtumwa ambaye Mtume Paulo alimwombea kwa Filemoni. Mather alipomwuliza kama aliwahi kuugua ndui, alijibu ndiyo na hapana: kwao alichanjwa mkononi na kutiwa usaha wa ndui, akaugua kidogo, kisha akawa salama. Kovu alikuwa nalo.

Mwaka 1721 ndui iliingia Boston kwa meli. Mather aliwasihi matabibu wajaribu njia hiyo. Zabdiel Boylston peke yake ndiye aliyekubali. Tarehe 26 Juni alimchanja mwanawe wa miaka sita, pamoja na watumwa wawili ambao hawakuwa na sauti ya kukataa. Mji ulichafuka. William Douglass, tabibu pekee mjini mwenye shahada ya udaktari, alidhihaki ushuhuda wa Waafrika. Mwezi Novemba bomu lilitupwa nyumbani kwa Mather, lakini halikulipuka.

Tusiwahukumu upesi. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwa maana aliyechanjwa aliweza kufa, hata kuwaambukiza wengine. Lakini hofu hiyo ilichanganyika na dharau: waliuliza nani amesema kabla ya kuuliza amesema nini.

Ugonjwa ulipokwisha, hesabu ilisema. Walioambukizwa kwa kawaida walikuwa karibu 5,900, wakafa 844, yaani mmoja katika kila saba. Kati ya waliochanjwa, zaidi ya 240, walikufa sita: mmoja katika kila arobaini hivi. Kuchanja kukakubalika polepole. Mwaka 1796 Edward Jenner alipata chanjo iliyo salama zaidi kutokana na ndui ya ng'ombe, na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imetokomezwa duniani.

Anayetaka kushawishi na ajifunze kwa Boylston: hatari aliipeleka kwanza nyumbani kwake. Nasi tunaosikiliza tumkumbuke Nathanaeli. Aliposikia habari za Nazareti alishuku, lakini alikubali kwenda kuona. Juma hili tujiulize: ni neno la nani tumelikataa kwa sababu tu tunamdharau aliyelileta?