Kuhama na Kuhamia: Historia ya Istilahi za Mashine Pepe

Si zamani sana mfasiri mmoja alituletea hati ya zabuni ya mitambo ya kompyuta, akaomba tumhakikishie maneno machache kabla haijapigwa chapa. Neno "kuhamisha" lilitokea mara mbili katika ukurasa mmoja, nasi tulipolinganisha na hati ya Kiingereza tukaona kwamba lilisimama badala ya dhana mbili zilizo mbali. Katika dhana ya kwanza mashine husitishwa, hali yake ikaandikwa katika diski, kisha ikaendelezwa katika kompyuta nyingine. Katika dhana ya pili mashine hupelekwa huku ikiendelea kuwahudumia watu, nao wasitambue. Ofisi ambayo ingeisoma hati hiyo kwa Kiswahili peke yake ingeweza kununua la kwanza huku ikitarajia la pili, na kosa lingejitokeza siku wananchi wanapopanga foleni dirishani wakaambiwa mtambo umesimama.

Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Orodha yetu wenyewe ilikuwa imetoa neno "hifadhi" kwa dhana tatu: kuandika hali ya mashine, kutunza nakala ya akiba, na mahali data inapowekwa. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kueleza historia ya jambo lenyewe tangu mwanzo wake, kwani aghalabu makosa ya istilahi hutokana na kutokijua kitu kinachopewa jina.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma chake. Programu iitwayo msimamizi mkuu huigawa kompyuta moja ya kweli ikawa kana kwamba ni nyingi, na kila moja ikajiona ina prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake. Jina hilo la msimamizi mkuu lilitokana na kwamba mfumo endeshi wenyewe ulikuwa umekwisha kuitwa msimamizi. Aliye juu ya msimamizi ikabidi aongezewe cheo. Kompyuta ya kweli huitwa mwenyeji, na mashine pepe huitwa mgeni. Hapa Kiswahili hakikupata taabu yoyote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hupewa jembe tangu siku ya kwanza.

Kazi ilianza mwaka 1964 katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM mjini Cambridge, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, chini ya uongozi wa Robert Creasy. Mfumo wao, CP-40, ulianza kutumika Januari 1967, ukaweza kuendesha mashine pepe 14 kwa pamoja juu ya kompyuta moja. Yafaa wasomaji wetu wajue kwamba wabunifu hao nao walihangaika na jina. Mwanzoni waliziita kwa neno lenye maana ya "mashine za uongo", baadaye wakachukua neno lililokuwa likitumiwa na wenzao wa kituo cha Yorktown Heights katika mradi wa M44/44X. Hangaiko kama hilo tumelipata sisi pia. Wako waliopendekeza "mashine bandia", lakini bandia huleta wazo la kitu cha kughushi, kama noti au dawa, hali mashine hii hufanya kazi ya kweli na hesabu zake ni sahihi. Wengine walipenda "mashine dhahania", nalo si baya, ila lina uzito wa kifalsafa. Tumelishika "pepe" kwa kuwa barua pepe imekwisha kulizoesha sikio la kila mtu.

Tarehe 2 Agosti 1972 IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, na ndani yake tunakuta jambo linalohusu hati yetu ya zabuni. Kuuwasha mfumo endeshi tangu mwanzo kulichukua muda. Basi mwendeshaji aliweza kuuwasha mara moja, kisha kwa amri iitwayo SAVESYS akaandika katika diski kurasa za kumbukumbu yake pamoja na yaliyomo katika rejista za prosesa. Tangu hapo aliyetaka kuutumia mfumo aliutaja kwa jina, akaupata umekwisha kuamka. Ukurasa hapa maana yake ni kipande cha kumbukumbu chenye ukubwa maalumu, si karatasi. Ama yale yaliyoandikwa, yaani kumbukumbu na rejista, ndiyo huitwa hali ya mashine. Tunasisitiza "hali", maana neno la Kiingereza lina maana ya hali na maana ya dola, na tumewahi kupokea tafsiri iliyosema "kuokoa dola". Msomaji asingejua kama ni habari ya mapinduzi yaliyozimwa au ya fedha za kigeni.

Miaka ya 1980 watafiti walielekeza macho yao kwingine. Kompyuta ndogo zilikuwa zimeenea, kila mtaalamu na yake mezani, na nyingi zilikaa bure wenyewe wakiwa hawapo. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marvin Theimer, Keith Lantz na David Cheriton walieleza mwaka 1985 jinsi mfumo wao, uitwao V, ulivyoweza kuazima kompyuta ya jirani ili kuendeshea programu, na mwenyewe akirudi programu ile ikaondolewa na kupelekwa pengine bila kuanza kazi upya. Ili isisimame kwa muda mrefu walinakili kumbukumbu yake kwanza, ikiwa bado inafanya kazi, kisha wakairudia sehemu iliyobadilika wakati wa kunakili. Mwaka 1987 Edward Zayas wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alifuata njia iliyo kinyume: programu ilihama upesi na vitu vichache tu, na kila ilipohitaji ukurasa ulioachwa nyuma, ukurasa huo ukatumwa.

Kuhamisha programu mojamoja mara nyingi kulikuwa na kasoro moja. Programu iliyohama iliweza kubaki na madeni kwa mwenyeji wa zamani: faili aliyomfungulia, mazungumzo ya mtandao yaliyopitia kwake, kumbukumbu alizomwekea. Mwenyeji wa zamani akizimwa, mhamaji naye huharibikiwa. Mashine pepe iliondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo, kwa kuwa hapo hahami mtu mmoja kutoka nyumbani. Inahama nyumba nzima pamoja na jiko lake, na moto umo jikoni.

Kwa hiyo mashine pepe ziliporejea katika kompyuta za bei nafuu, kwa kazi ya kampuni ya VMware iliyoanzishwa mwaka 1998, wazo la kuhama lilirejea pamoja nazo. Mwaka 2002 watafiti wa Stanford walieleza namna ya kupeleka hali nzima ya kompyuta kwa njia ya mtandao, diski ikiwemo, wakaiita hali hiyo kapsuli. Walikusudia hata mitandao ya kasi ndogo ya kilobiti 384 kwa sekunde, ili mtu aache kazi yake ofisini na kuikuta nyumbani kama alivyoiacha. Kumbukumbu isiyotumika waliijaza sifuri ili isiwe mzigo njiani, na vipande ambavyo tayari vilikuwako upande wa pili hawakuvituma. Huko kulikuwa kuhamisha kwa kusitisha. Mashine ililala njiani, nayo haikumdhuru mtu kwa kuwa mwenye nayo alikuwa njiani vilevile.

Seva inayohudumia maelfu ya watu haina ruhusa ya kulala. Tufanye hesabu: kumbukumbu ya megabaiti 1,000, ikipita katika mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, huchukua sekunde 80. Kwa sekunde hizo zote mteja hajibiwi. Mwaka 2003 VMware ilitoa VMotion, iliyohamisha mashine ikiwa kazini. Mwaka 2005 Christopher Clark na wenzake wa vyuo vikuu vya Cambridge, Uingereza, na Copenhagen, Denmark, walichapisha maelezo kamili ya jambo hilo katika mfumo wa Xen, na maelezo yao yanastahili kusomwa na kila atakayetunga istilahi za fani hii.

Walivyofanya ni hivi. Katika mzunguko wa kwanza kurasa zote za kumbukumbu hunakiliwa kwa mwenyeji mpya, na mgeni anaendelea na kazi kwa mwenyeji wa zamani. Katika mzunguko wa pili hutumwa zile tu zilizobadilika wakati wa mzunguko wa kwanza; katika wa tatu, zilizobadilika wakati wa pili. Kila mzunguko huwa mfupi kuliko uliotangulia, mpaka zibaki kurasa chache ambazo mgeni huziandika na kuziandika tena kwa kasi kiasi kwamba kuzifukuzia ni kazi bure. Hapo ndipo mgeni husimamishwa, mabaki hutumwa pamoja na rejista, naye huamkia kwa mwenyeji mpya. Mwisho hutangaziwa mtandao kwamba anwani ile sasa inapatikana mahali pengine. Walilijaribu hilo kwa seva ya mchezo wa Quake 3 iliyokuwa na wachezaji 6, na seva ilisimama kwa milisekunde 60 tu. Diski haikuhamishwa, ilikuwa katika ghala la mtandao ambalo wenyeji wote wawili waliweza kulifikia. Mfasiri auone msitari huo vizuri, kwa kuwa "hali" ya mwaka 2002 ilikuwa na diski ndani yake, na "hali" ya mwaka 2005 haikuwa nayo.

Mwaka 2009 Michael Hines na Kartik Gopalan wa Binghamton, New York, waliipeleka kwenye mashine pepe njia ile nyingine: mgeni husimamishwa kwanza, huhamia na rejista na vitu vichache, kisha kurasa zake humfuata. Hapa ndipo sarufi yetu ilipotusaidia kuliko tulivyotarajia. Kiswahili kina "kuhama", yaani kutoka mahali, na "kuhamia", yaani kuingia mahali. Katika njia ya kutanguliza nakala, mgeni hajahama hadi zile milisekunde za mwisho. Mtandao ukikatika katikati ya kunakili, yeye bado yuko kwake, mzima, na kilichopotea ni nakala tu. Katika njia ya kufuatisha nakala, mgeni amekwisha kuhamia na mizigo yake iko barabarani. Njia ikikatika, nusu ya kumbukumbu iko huku na nusu iko kule, na hakuna mwenyeji aliye na mgeni kamili. Ofisa anayetia sahihi mkataba anahitaji kuambiwa ni ipi kati ya hizo mbili. Tumependekeza "kuhamisha kwa kutanguliza nakala" na "kuhamisha kwa kufuatisha nakala". Ni majina marefu, lakini kila moja linasema kinachotokea.

Kuhusu jina la jumla, wengi walitaka "kuhamisha mubashara" kwa kuiga matangazo ya redio na televisheni. Hatukukubali. Mubashara ni cha kuonwa au kusikiwa wakati uleule, hali uhamisho huu sifa yake ni kutoonwa na mtu yeyote. "Kuhamisha bila kusitisha" nako si kweli kabisa, maana mgeni husimama, japo kwa kitambo kidogo. Tumelichagua "kuhamisha ikiwa kazini". Kinyume chake ni "kuhamisha kwa kusitisha", na hiyo ndiyo iliyokuwamo katika toleo la Windows Server la mwaka 2008 kwa jina la biashara lenye maana ya uhamisho wa haraka. Uhamisho ikiwa kazini ulikuja mwaka 2009 katika toleo lililofuata. Mfasiri aliyeliamini neno "haraka" alidanganyika, kwani uharaka si uendelevu.

Limebaki suala la kurejesha, nalo lina hatari yake. Mashine iliyositishwa ikaamshwa mara moja huendelea mahali ilipoachia; hilo tunaliita "kuendeleza". Mashine inayopewa hali ya juzi au ya mwezi uliopita hurudi nyuma ya wakati, na saa yake, nywila zake na makosa yaliyokwisha kusahihishwa hurudi pamoja nayo. Hilo tu ndilo "kurejesha". Mwaka 2010 Thomas Ristenpart na Scott Yilek walionyesha kwamba mashine ikirejeshwa mara mbili katika hali ileile inaweza kutoa mara mbili namba ambazo zilipaswa kuwa za bahati nasibu, na kwa kurudiwa huko ufunguo wa siri wa seva ukaweza kujulikana. Katika hati ya zabuni tuliyoitaja, matendo yote mawili yaliitwa "kurejesha". Tumeyatenganisha. Kadhalika "kuhifadhi" sasa tumelibakiza kwa kuandika hali ya mashine peke yake. Nakala ya usalama itaitwa "nakala ya akiba", na mahali pa kuweka data pataitwa "ghala".

Neno moja bado linabishaniwa. Kurasa zilizobadilika baada ya kunakiliwa huitwa kwa Kiingereza kurasa chafu, na baadhi ya wajumbe wetu wanataka tafsiri hiyo kwa ufupi wake. Lakini ukurasa huo hauna taka yoyote. Ndio ulio mpya, na kilichochakaa ni nakala yake iliyotangulia kufika. Kwa sasa tunaandika "kurasa zilizobadilika", na tunaomba wafasiri walio kazini watuletee mapendekezo yao pamoja na sentensi kamili walimolitumia neno.