Ufunguo Ulikuwa Kanisani: Jinsi Maandishi ya Mafirauni Yalivyosomeka Tena

Tarehe 24 Agosti mwaka 394, kwenye kisiwa cha Philae kusini mwa Misri, kuhani wa mungu Isis alichonga maneno machache kwenye ukuta wa hekalu, akitaka yadumu milele. Maneno hayo yapo hadi leo. Ndiyo maandishi ya mwisho yenye tarehe tunayoyajua katika hieroglifi, zile alama za ndege, macho, miguu na nyoka ambazo Wamisri walizitumia kwa zaidi ya miaka 3,000. Baada yake ujuzi ule ulikufa. Kuta zilibaki zimejaa maneno, na hapakuwa na mtu duniani wa kuyasoma.

Wamisri wenyewe hawakwenda popote. Waliendelea kulima kandokando ya Nile na kusema lugha ya babu zao. Kilichobadilika ni dini na kalamu: wengi waliingia Ukristo, wakaiandika lugha yao kwa herufi za Kigiriki, wakiongeza chache za kwao kwa sauti ambazo Kigiriki hakina. Lugha ya mafirauni katika umbo hilo la mwisho ndiyo Kikopti. Baadaye Kiarabu kilienea majumbani na sokoni, Kikopti kikabaki katika sala za kanisa. Lishike hilo, kijana msomaji, tutalihitaji mbele.

Huko Ulaya wasomi waliziona alama zile wakadhani ni mafumbo, kila picha imebeba wazo zito la siri. Katika karne ya 17 Athanasius Kircher, padri Mjesuiti, alijifunza Kikopti na kuandika vitabu juu yake. Hata hivyo, alipozigeukia hieroglifi, alibuni maana kutoka kichwani. Mtu huyu ananisikitisha kila ninapomkumbuka: alishika ufunguo mkononi, akasimama mbele ya mlango, asiujaribu.

Mwaka 1799 jeshi la Ufaransa lilikuwa Misri na Napoleon. Karibu na mji wa Rashid, ambao Wazungu waliuita Rosetta, askari waliokuwa wakitengeneza ngome waliibua jiwe jeusi lililovunjika, lenye uzito wa kilo 760 hivi. Lilikuwa na maandishi ya namna tatu: juu hieroglifi, katikati demotiki, ambayo ni mwandiko wa haraka wa shughuli za kila siku, na chini Kigiriki. Kigiriki kilisomeka mara moja. Ni tangazo la makuhani la mwaka 196 kabla ya Kristo, la kumtukuza mfalme Ptolemaio wa Tano, na mwisho wake linaagiza lenyewe liandikwe kwa miandiko hiyo mitatu. Wafaransa waliposhindwa vitani, Waingereza walilichukua jiwe, na tangu 1802 limekaa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Nakala zake zilisambazwa kwa wasomi.

Hapo ungefikiri kazi imekwisha. Ilichukua miaka mingine 20.

Thomas Young, tabibu na mwanafizikia Mwingereza, alipiga hatua muhimu. Aliona kwamba alama zilizozungushiwa duara refu ni jina la mfalme, akabahatisha vizuri sauti kadhaa za jina la Ptolemaio. Lakini aliamini alama husomwa kwa sauti katika majina ya wageni tu. Wamisri wenyewe, alidhani, waliandika kwa njia nyingine.

Jean-François Champollion, Mfaransa aliyezaliwa 1790, alianza kwingine. Tangu ujanani alikipenda Kikopti, akajifunza kwa bidii na kufundishwa na kasisi wa Kikopti aliyeishi Paris. Siku moja alihesabu: maneno ya Kigiriki kwenye jiwe ni 486, ilhali alama za hieroglifi zilizobaki ni 1,419. Kama kila alama ingekuwa neno zima, hesabu isingekubali.

Kisha akapata nakala ya duara jingine, kutoka mnara wa Philae, lenye jina la Kleopatra. Chukua karatasi uandike majina haya mawili, moja chini ya jingine. Katika Ptolemaio alama ya kwanza ni mraba, ya tatu kitanzi cha kamba, ya nne simba aliyelala. Katika Kleopatra simba ni wa pili, kitanzi cha nne, mraba wa tano. P, O na L zimekaa pale pale zinapotakiwa. Sauti ya T tu ndiyo ilikuwa na picha mbili tofauti, mkate katika jina moja na mkono katika jingine, naye akakubali kwamba alama mbili zaweza kutoa sauti moja.

Hao walikuwa watawala wa asili ya Kigiriki. Mafirauni wa zamani je? Septemba 1822 alipokea michoro kutoka hekalu la Abu Simbel. Ndani ya duara kulikuwa na jua, alama asiyoijua vizuri, na S mbili. Jua kwa Kikopti ni *re*. Alama ile ya katikati aliikuta pia kwenye jiwe la Rashid, mahali Kigiriki kinapotaja siku ya kuzaliwa, na kuzaa kwa Kikopti ni *mise*. Re-mes-es: Ramesse, aliyezaliwa na mungu jua! Inasimuliwa kwamba alikimbia hadi kwa kaka yake, akapiga kelele kuwa amelipata, akaanguka na kuzimia. Alikuwa na umri wa miaka 31. Tarehe 27 mwezi huohuo barua yake kuhusu hieroglifi ilisomwa mbele ya wasomi wa Paris.

Watu hulisifu jiwe, na linastahili. Kwa maoni yangu sifa kubwa ni ya waumini walioendelea kusali kwa lugha ya mababu zao. Ukiacha majina ya wageni kama Kleopatra, hieroglifi haziandiki irabu. Aliyepita madrasa anajua maana yake: maandishi ya Kiarabu yasiyo na irabu humtii anayeijua lugha tu. Tazama mfano huu. Picha ya nyumba hutoa sauti *pr*. Ikiwa na kistari chini yake, ni nyumba kweli. Ikifuatwa na mdomo, ambao ni *r*, na miguu inayotembea, neno ni "kutoka". Miguu haina sauti, inakuonyesha tu kwamba ni jambo la mwendo. Bila Kikopti, nani angeyatambua maneno ya namna hiyo?

Champollion alifika Misri mwaka 1828 akasoma kuta kwa macho yake. Alifariki 1832 akiwa na miaka 41, na kaka yake akakichapisha kitabu chake cha sarufi.

Siku utakapoona picha ya ukuta wa hekalu la Misri, tafuta kwanza duara refu, maana humo mna jina la mfalme. Kisha tazama ndege na watu wameelekeza nyuso upande gani. Anzia huko wanakotazama, ndiko mstari unakoanzia.