Bibi ya Mutu wa Kazi: Ndoa, Umri na Mshahara huko Kapata

Binti akiolewa na akataka kuendelea kutumika kwa mshahara, mara nyingi wazee wa kambi zetu humjibu: "Ile haiko desturi yetu." Tuangalie basi desturi hiyo ilitoka wapi. Kapata, kambi ya wafanyakazi wa Gécamines karibu na Kolwezi, ni mahali pazuri pa kuitafuta.

Monsinyori de Hemptinne, aliyeandika mwaka 1926 juu ya "wala shaba" wa Katanga, anaeleza kwamba wanawake na watoto ndio waliookota malakiti juu ya ardhi, wanaume wakachimba na kuyeyusha. Tanuru lilikuwa la wanaume, sawa. Lakini mama alitumika kwenye shaba, tena alitumika shambani, awe ameolewa au mjane.

Mambo yaligeuka na Union Minière. Kampuni ilichoka kuona watu wakirudi kwao kila baada ya miezi michache. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza kutafuta wanaume wenye bibi, ikawapa nyumba na mikataba mirefu. Posho ya bibi na watoto ilitoka kwa jina la bwana. Mama alifundishwa kwenye fwaye sosiali: kushona, kupiga pasi, kupika kwa usafi. Kwa hesabu ya kampuni, kazi yake ilikuwa kumfanya mwanaume abaki na kuzaa wafanyakazi wa kesho. Mshahara ulikuwa mmoja kwa nyumba nzima.

Na yule asiyekuwa na bwana? Kambini hakuwa na nafasi, maana nyumba ilifuata kazi ya mwanaume. Akienda mjini aliitwa ndumba, na katika miji kadhaa ya Kongo wakoloni walimtoza kodi kama mwanamke anayeishi peke yake. Ndoa ilimnyima mwanamke mshahara, na kukosa ndoa kulimharibia jina. Wengi waliuza munkoyo, au lutuku kwa kujificha.

Gécamines ilipochukua nafasi mwaka 1967, utaratibu huo uliendelea: posho, hospitali, masomo ya watoto. Hapo ndipo tulizoea kusikia, "Bwana anatumikaka, miye naikalaka tu." Kuikala tu! Huyo mama aliamka kabla ya jua, akaenda shambani, akarudi kusonga bukari ya watu nane. Mwaka 1987 Kanuni ya Jamaa iliweka jambo hilo katika sheria: mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana yake hata kwa kusaini mkataba wa kazi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu.

Lakini shaba haikungoja sheria. Miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1994 ilitoa karibu 30,000. Mishahara ikakawia miezi na miezi, posho ikaisha. Tangu 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa ile inayoitwa "départ volontaire", hiari ambayo wengi hawakuiona. Ndipo bibi ya mutu wa kazi akawa ndiye mwenye kuleta makuta: unga, makala, samaki, mikate kando ya barabara.

Tangu hapo umri ndio unaogawa kazi. Mama mwenye nguvu na watoto wadogo hutafuta biashara ya karibu na nyumba, na bwana humruhusu kwa kuwa soko halionekani kama "kazi". Wajane na wakubwa hurudi shambani. Wasichana na mama vijana, hasa wasio na bwana wa kuwazuia, huenda ziwa Malo, hapo hapo Kapata, kusafisha mawe ya wachimbaji, maji yakifika magotini. Wamo hata watoto wa shule. Mwaka 2016 Amnesty International iliandika habari zao. Kushuka shimoni hawaruhusiwi, kwani wanaume wanasema mwanamke akiingia mawe yanakimbia. Wanabaki juu, kama wale wa malakiti, ila bei hupangwa na mnunuzi.

Na ukimkuta mama mmoja wa hawa hospitalini, karani akamwuliza kazi yake, atajibu bila kufikiri: "Menajeri." Karani ataandika hivyo.