Umeme wa jua majumbani: somo la Meru

Shule ya sekondari ya Karamugi, katika eneo la Meru nchini Kenya, ilikuwa mbali na nyaya za umeme. Mwaka 1984 shule hiyo ilifungiwa paneli za jua badala ya kutegemea jenereta ya dizeli. Kazi hiyo ilifanywa na mhandisi Mmarekani, Harold Burris, akishirikiana na Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea.

Wakati huo ufundi wenyewe ulikuwa na umri wa miaka 30. Seli ya silikoni ilitangazwa mwaka 1954 na wanasayansi wa maabara ya Bell, Marekani. Iligeuza takriban asilimia 6 tu ya mwanga wa jua kuwa umeme, na bei yake ilikuwa ghali mno kwa mwananchi.

Walimu walioziona taa za shule hawakuisubiri serikali. Walijinunulia paneli, nao wakulima wa kahawa na majani chai wakafuata. Kufikia mwaka 2000, zaidi ya nyumba 100,000 nchini Kenya zilikuwa na umeme huo, nyingi zikiwa zimelipia fedha taslimu. Faida ilionekana mara moja: watoto walisoma usiku bila moshi wa kibatari, na betri ya televisheni haikupelekwa tena mjini kuchajiwa.

Hata hivyo, kila mwenye nyumba alikuwa amejigeuza shirika la umeme, bila fundi wala akiba. Betri hudumu miaka michache, na huharibika mapema zaidi ikitumiwa hadi kwisha kabisa. Msimu wa mawingu taa hufifia. Aidha, baadhi ya paneli za bei nafuu zilipopimwa zilitoa nguvu pungufu kuliko iliyoandikwa juu yake, jambo ambalo mnunuzi hakuweza kulitambua dukani.

Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo midogo kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Kikwazo cha gharama za mwanzo kilipungua, lakini deni likaingia nyumbani. Asiyelipa, mtambo wake hufungwa, akarudi gizani ingawa jua linawaka.

Anayemnunulia mzazi wake kijijini mtambo wa jua leo hana budi kujiuliza swali lililowakabili walimu wa Meru: betri itakapokufa, nani atanunua nyingine?