Nyufa na milio katika nyumba mpya: Yapi ya kawaida, yapi ya hatari Kisii na Nyamira?

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, nyumba ya matofali inapokamilika huwa imekwisha kumeza akiba ya miaka mingi. Ndiyo maana ufa wa kwanza ukutani humtia mwenye nyumba kiwewe, hasa unapochomoza kabla hata rangi haijazoeleka machoni. Usiku nao huleta mambo yake: paa hulia, mbao hualika, na watoto huuliza ni nani anayetembea juu ya dari.

Methali yatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Onyo hilo ni la haki, lakini kuziba si hatua ya kwanza. Ufa ukizibwa kabla chanzo chake hakijajulikana, hurejea palepale msimu wa mvua unaofuata, na gharama ya plasta na rangi huwa imepotea bure.

Nyufa nyingi za mwaka wa kwanza hazina madhara. Nyumba mpya imejaa maji yaliyotumiwa kuchanganya zege, saruji ya kuunganishia matofali na plasta. Maji hayo yanapokauka, vifaa hivyo hunywea kidogo na kupasuka juujuu. Plasta ambayo haikumwagiliwa maji kwa muda wa wiki moja hivi baada ya kupigwa hupasuka zaidi, na nyufa zake huwa nyembamba kama unywele, zimetapakaa mithili ya utando wa buibui. Ukigonga mahali hapo na plasta isitoe sauti ya uwazi, yatosha kusubiri ikauke kabisa kisha ukapaka rangi upya.

Nyufa zinazostahili kuchunguzwa ni zile zinazopita katika tofali lenyewe au kufuata viungo vya matofali kwa umbo la ngazi, aghalabu zikianzia kwenye pembe ya dirisha au mlango. Hizo husema kwamba sehemu moja ya nyumba inashuka kuliko nyingine. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini kwa kawaida humaanisha kwamba ncha ya ukuta ndiyo inayozama. Ukiwa mpana chini, mara nyingi ni katikati ya ukuta panapobonyea.

Hapa ndipo jiografia ya Gusii inapoingia. Kuanzia Manga hadi Bobasi, ardhi ni ya vilima na mashamba ni madogo, kwa hivyo wengi hujenga kwenye miteremko. Desturi ni kuchimba upande wa juu, kisha udongo uliochimbwa ukamwagwa upande wa chini ili kupata kiwanja kilicho sawa. Kwa macho, kiwanja hicho ni kimoja. Kwa msingi, ni viwili: nusu ya nyumba imekalia ardhi ambayo haijawahi kuguswa, na nusu nyingine imekalia udongo uliomwagwa juzi. Udongo wa kujazia usiposhindiliwa hubakia na nafasi za hewa ndani yake, na kila mvua inaponyesha huendelea kushuka. Ufa hujitokeza karibu na mpaka wa nusu hizo mbili, hata kama fundi alitumia saruji ya kutosha na vyuma vizuri.

Udongo mwekundu wa nyanda hizi, ukiwa haujavurugwa, ni mahali pazuri pa kuweka nyumba. Lawama si zake. Dawa ni kuchimba msingi kwa ngazi kufuata mteremko hadi kila sehemu ifikie ardhi ya asili. Mahali ambapo kujazia sakafu hakuepukiki, udongo unyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15 hivi, si kumwagwa wote kwa siku moja na kukanyagwa kwa miguu. Mabondeni hali ni tofauti. Huko hupatikana udongo mweusi wa mfinyanzi unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyojengwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Kujenga hapo bila ushauri wa mhandisi ni kucheza kamari.

Jambo jingine husahauliwa na wenye haraka. Boma ambalo limekaliwa kwa vizazi kadhaa lina mashimo yaliyofukiwa: vyoo vya zamani, mashimo ya taka, visiki vilivyooza. Kabla ya kupima kiwanja, waulize wazee wa boma choo cha babu kilikuwa wapi. Swali hilo halina gharama, nalo limewafaa wengi kuliko ramani.

Maji ndiyo mshirika wa maovu haya yote. Sehemu kubwa ya eneo hili hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Paa lenye ukubwa wa mita 100 za mraba hupokea basi lita 200,000 hivi. Pasipo mifereji ya paa, maji hayo yote huanguka kando ya kuta na kulainisha udongo unaobeba msingi. Inashangaza kuona nyumba yenye vigae vya bei ghali sakafuni lakini haina mfereji wa maji.

Milio ya usiku nayo ina maelezo. Bati lenye urefu wa mita 3 likipoa kwa nyuzijoto 30 hupungua kwa takriban milimita moja. Kwa kuwa limebanwa kwa misumari, halipungui polepole. Hukwama, kisha huachia kwa kishindo. Ndiyo maana paa hualika baada ya jua kutua, na tena linapopata joto asubuhi. Mbao za mkaratusi zilizopasuliwa na kupandishwa zikiwa mbichi huendelea kukauka kwa miezi mingi zikijipinda na kuvuta misumari, na kila mvuto una sauti yake.

Maelezo haya si ya kujifurahisha tu. Pasipo maelezo, sauti za usiku hutafutiwa mwenyewe, na aghalabu jirani mzee ndiye hunyoshewa kidole. Mnamo Mei 2008, watu 11 walichomwa hadi kufa katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani. Haisemwi hapa kwamba mauaji hayo yalianzia kwenye paa la mtu, lakini katika eneo lenye historia hiyo, sauti ya bati ni bora ijulikane kuwa ni ya bati.

Ili kujua kama ufa ungali unakua, chora mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande, pima umbali baina yake na uandike tarehe ukutani. Rudia kila wiki, ukivuka msimu wa mvua na wa kiangazi. Kwa vipimo vinavyotumiwa na wahandisi wengi, ufa usiozidi milimita 1 ni mdogo sana; hadi milimita 5 huweza kuzibwa ukiwa umetulia; kati ya 5 na 15 huhitaji mtaalamu; na unaozidi 15 ni wa hatari kubwa. Lakini ufa mwembamba unaopanuka kila wiki unatisha kuliko mpana uliotulia.

Vipimo hivyo ni vya kuta. Katika nyumba za ghorofa zinazoendelea kuongezeka mjini Kisii, Keroka na Nyamira, ufa kwenye nguzo au boriti ya zege haungojewi wiki. Zege likimeguka na kuonyesha vyuma, milango kadhaa ikikwama kwa ghafla, au vumbi likidondoka pamoja na mlio mzito usiotoka paani, wakazi watoke mara moja na mhandisi aliyesajiliwa aitwe wao wakiwa nje. Huruma, jijini Nairobi, jengo la ghorofa liliporomoka usiku wa Aprili 29, 2016 kukiwa na mvua kubwa, na takriban watu 50 wakafa. Wengi walikuwa wapangaji.